Mgongo wa Sekenke

Mwaka 1909 himaya ya Wajerumani ilikuwa inachimba mahali pawili ambapo hakuna aliyefikiria kupaweka kwenye sentensi moja. Sekenke, Uiramba, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida, kampuni ya Kironda ilikuwa inafungua mgodi wa dhahabu unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini. Berlin, daktari wa neva Hermann Oppenheim na mpasuaji Fedor Krause walichapisha habari za wagonjwa waliowafungua mgongo. Mmoja wao alikuwa ameteswa kwa miaka na maumivu yanayoshuka mguuni. Krause alimfungua Desemba 1908, akakuta kitu kimekandamiza neva, akakitoa. Mgonjwa alipozinduka, maumivu yalikuwa yameondoka. Wale wawili wakaandika kwamba wametoa uvimbe wa gegedu.

Haukuwa uvimbe. Walichokishika mkononi kilikuwa kipande cha diski, ile tishu inayokaa kati ya pingili moja ya mgongo na nyingine. Walichimba, wakapata, wasijue walichopata.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalikwenda sambamba kwa miaka mingi bila kukutana. Mgodi ulikuwa unatumia migongo ya watu, na elimu ya mgongo ilikuwa inajikongoja mbali sana na mgodi. Hadi leo hazijakutana vizuri, na mtu anayeteseka katika pengo hilo anaweza kuwa ndugu yako. Kwangu mimi ni baba mdogo, lakini nitafika kwake.

Msafiri wa kawaida anaijua Sekenke kama mlima. Ukitoka Singida kwenda Nzega, ukishapita Misigiri, barabara inaanza kuteremka ukingo wa bonde kuelekea Shelui na mbuga za Wembere, na abiria wanaacha kupiga soga. Malori yanashuka yakinguruma kwa gia ndogo, matairi yakinuka. Wengi wanaoufahamu mlima huo kwa ajali zake hawajui kwamba jina hilohilo lilikuwa jina la dhahabu.

Na dhahabu yenyewe imeacha ushahidi mmoja mzuri sana. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Wajerumani ulikuwa umekatwa na bahari na umeishiwa fedha za kulipia. Katika karakana ya reli ya Tabora wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja kuna tai wa kifalme, upande mwingine tembo ameinua mkonga. Zilipigwa sarafu 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu halisi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Leo sarafu hizo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani, na wakusanyaji wanaweza kukuambia tofauti ya nakshi ndogo chini ya herufi moja na nyingine.

Yule tembo ana wapenzi wake. Mimi nikimtazama nafikiria kiuno.

Fikiria kazi yenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba, na kodi ilidai fedha, na fedha ilikuwa mahali pa kazi. Mtu aliyezoea kulima kwa misimu na kuchunga ng'ombe akaingia kwenye mwamba. Mwamba unapigwa kwa nyundo na tindo, mtu ameinama. Jiwe linainuliwa, mtu ameinama na amejikunja upande. Kisha linabebwa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 tu, kwa hiyo kwa miaka mitatu ya kwanza hata hiyo ahueni ya mbali haikuwepo, na mzigo ulitegemea magurudumu, wanyama na vichwa vya watu.

Maumivu yalikuwa na tiba yake. Bibi yangu, aliyezaliwa Uiramba wakati wa Waingereza, alituhadithia jinsi mgongo ulivyotibiwa: kukanda kwa majani yaliyopashwa moto, kuchanja, na kuumika kwa pembe. Pembe inawekwa juu ya chale, hewa inanyonywa, damu inapanda. Pembe hiyo ndiyo chuku, na Kiswahili, kwa utundu wake, kimeifanya kupiga chuku kuwa pia kutia chumvi katika maneno. Sijui lugha nyingine iliyomtania mganga wake kwa ufupi hivyo. Hata hivyo tusicheke haraka. Joto linalegeza msuli, mkono wa mtu unatuliza, na mgonjwa wa bibi aliambiwa ainuke aende kuteka maji akiweza. Utaona mbele kwamba hilo la mwisho lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyofundishwa vyuoni kwa nusu karne.

Mwaka 1911 huko Glasgow, mgodi wa Sekenke ukiwa na miaka miwili, mfanyakazi mmoja aliinua bamba zito kutoka sakafuni kuliweka mezani. Akasikia kitu kimelia mgongoni. Miguu ikapooza, na baada ya siku chache akafa. Madaktari Middleton na Teacher walipoufungua mwili wake walikuta kipande cha diski kimesukumwa ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Hii ni mojawapo ya taarifa za kwanza kabisa zilizosema wazi kwamba diski inaweza kupasuka kwa sababu ya kuinua mzigo. Haikusomwa sana.

Ikabidi kusubiri hadi 1934. Mwaka huo wapasuaji wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha makala iliyobadilisha kila kitu. Walirudi kwenye vielelezo vya zamani vilivyoandikwa "uvimbe wa gegedu", wakavitazama upya kwa hadubini, wakagundua kwamba vingi vilikuwa diski za kawaida zilizochomoka mahali pake. Ghafla yale maumivu ya kiuno yanayoshuka kwenye paja hadi kidole gumba cha mguu yakawa na mahali, na likawepo jambo la kufanya: fungua, toa.

Kwa hesabu hiyo, miaka 25 ya kwanza ya Sekenke ilipita kabla ugonjwa huo haujapata maelezo yake. Wakati makala ya Boston inatoka, mgodi ulikuwa mikononi mwa kampuni ya wakati wa Waingereza, Tanganyika Central Gold Mines. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuwa wamekwisha kufika Uiramba, na hospitali zao za Kiomboi na Iambi zikaja kuwa majina makubwa katika eneo lile. Lakini sidhani kuna mchimbaji aliyeletewa habari ya diski kwa mdomo wa mtu.

Diski ni nini hasa? Wanaokulia vijijini tayari wanaijua kwa umbo. Mama anapotwika ndoo huweka kwanza ngata, lile duara la kitambaa au majani linalokaa kati ya mzigo na kichwa. Mgongo una ngata 23. Kila moja ina pete za nyuzi ngumu nje, na ndani ute uliojaa maji. Mchana ngata zinabanwa na kupoteza maji kidogo. Usiku, mtu akilala, zinanywa tena. Ndiyo maana asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi. Nyuzi zikichakaa au zikipasuka, ute hutokeza nyuma au pembeni, mahali neva zinapopita. Mara nyingi hutokea kwenye ngata mbili za chini kabisa, na neva zinazoguswa hapo ndizo zinazokwenda mguuni. Mgonjwa anashika paja, na tatizo liko kiunoni.

Sasa ikaja miaka ambayo naiita, kwa ajili yangu tu, miaka ya kisu na kitanda. Aliyeonekana anafaa kisu alipasuliwa. Asiyefaa alilazwa: wiki mbili, wiki sita, chali juu ya ubao, wengine wakivutwa miguu kwa uzito unaoning'inia kwenye kapi. Kuvuta mgongo ni wazo la kale. Shule ya Hippocrates ilikuwa na benchi lake la kuvutia. Wengine walifungwa mikanda ya ngozi na chuma. Na mwaka 1963 likatokea jambo ambalo kila Mtanzania anayekunywa juisi ya papai angelipenda. Mtafiti Lewis Thomas alikuwa ameonyesha mwaka 1956 kwamba sungura akidungwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, masikio yake yanalegea kama nguo iliyoloa, kwa sababu gegedu linayeyuka. Mpasuaji Lyman Smith wa Marekani akajiuliza: kama linayeyusha gegedu la sikio, je, diski? Akaanza kudunga binadamu kimeng'enya ndugu yake, kimopapaini, moja kwa moja ndani ya diski. Kiliruhusiwa rasmi Marekani mwaka 1982, wagonjwa wengi wakapata nafuu bila kisu, lakini wachache walipata mzio mkali wa kuua na wengine kupooza. Mwaka 2003 kiliacha kuuzwa. Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje utomvu mkavu wa papai. Malighafi ilitoka kwetu, sindano haikurudi.

Wakati huohuo watu wachache walianza kuuliza swali la aibu: je, wasiopasuliwa wanaishia wapi?

Henrik Weber wa Norway aliuliza kwa utaratibu. Aliwachukua wagonjwa 126 ambao diski zao zilikuwa zimechomoka lakini hali yao haikulazimisha uamuzi upande wowote. Akawagawa kwa bahati nasibu, nusu kisu, nusu bila kisu, akawafuatilia miaka kumi. Matokeo yalitoka mwaka 1983. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walikuwa na hali nzuri zaidi. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imepungua kiasi cha kutohesabika. Baada ya miaka kumi hapakuwa na tofauti.

Mwaka 2007 Waholanzi walirudia swali hilo kwa wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, na hilo si jambo dogo ukiwa ndiye unayelia usiku. Lakini mwaka ulipoisha, katika makundi yote mawili watu 95 katika kila 100 walisema wamepona. Katika kundi lililoambiwa lisubiri, karibu watu 4 katika 10 hatimaye waliomba kisu. Waliobaki, yaani wengi, hawakukihitaji.

Wanapona vipi? Picha za mashine za kisasa zilitoa jibu ambalo bado linanishangaza. Kipande kilichochomoka mara nyingi hunyauka. Mwili unakiona kama mgeni, unatuma seli zinazokula uchafu, maji yanakauka, na kipande kinapungua mwezi hadi mwezi. Cha ajabu zaidi, vile vipande vikubwa vilivyokatika kabisa, vinavyotisha kwenye picha, ndivyo hupungua zaidi. Uvimbe mdogo uliotuna tu ndio hung'ang'ania.

Picha zenyewe nazo zilionywa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za emaarai watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau diski moja iliyotuna. Watu wazima wazima, wanaocheka, wanaocheza tenisi, na picha zao zingetosha kumkosesha mtu usingizi.

Hapo ndipo ninapomleta baba mdogo.

Sekenke ya leo haina kampuni ya Wajerumani. Ina wachimbaji wadogo, na ina maduara, mashimo yanayoshuka wima kufuata mkanda wa jiwe. Chini kuna mtu wa nyundo na juu kuna watu wa kamba. Mawe yanajazwa kwenye viroba, yanavutwa, yanapelekwa karashani kusagwa, kisha mwaloni. Mdogo wake wa mwisho baba alikuwa mtu wa kamba kwa miaka kumi na moja. Siku moja, akiwa amechuchumaa kupokea kiroba mdomoni mwa duara, akahisi kama amepigwa na fimbo ya umeme kutoka kiunoni hadi unyayoni. Akabebwa kwa bodaboda, mateso ambayo hadi leo anayasimulia kuliko ugonjwa wenyewe.

Alipita njia ambayo wengi wanaipita. Kwanza duka la dawa muhimu: diklofenaki, vidonge vya njano vya vitamini B, sindano. Kisha mama mmoja anayejua kukanda. Kisha hospitali ya mjini, kisha kubwa zaidi, kisha picha, iliyogharimu mbuzi watatu. Karatasi ilisema diski ya mwisho imechomoza na inagusa neva. Daktari mmoja, ambaye alikuwa na foleni mlangoni, alimwambia maneno mawili, diski na operesheni, akamtajia gharama iliyolingana na ng'ombe wote wa boma.

Baraza la ukoo likaitwa. Mimi nikapigiwa simu, kwa kuwa nipo chuo. Haikuwasaidia wazee kwamba ninachosoma ni historia.

"Mwanangu," baba mdogo aliniuliza, "hiyo wakiikata, inaota nyingine?"

"Haioti, baba."

"Na wasipoikata?"

Nilichokuwa nacho ni makala. Nikamsomea ya Weber kwa Kiswahili changu, na ya Waholanzi. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza swali ambalo halimo kwenye makala yoyote niliyowahi kusoma: "Hao waliosubiri, wakati wanasubiri walikuwa wanalishwa na nani?"

Nakiri swali hilo liliugeuza utafiti wangu wote. Tunapozungumza juu ya tiba isiyo ya kisu tunazungumza kana kwamba ni jambo la bei nafuu, ambalo maskini huangukia akikosa fedha ya upasuaji. Siyo. Tiba yenyewe, ukiipekua hadi kwenye mfupa, ni muda. Katika utafiti wa Kiholanzi wa mwaka 1999 wagonjwa 183 wenye maumivu ya aina hii waligawanywa: kundi moja lilale wiki mbili, jingine liendelee na maisha kadiri linavyoweza. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu ileile, watu 87 katika kila 100. Kitanda hakikuongeza kitu. Wiki 12 zilikuwa ndizo dawa. Na wiki 12 za Uholanzi zina mshahara wa ugonjwa. Wiki 12 za Sekenke zina deni la duka.

Sheria ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Inamlinda mwenye mwajiri. Mtu wa kamba katika duara la watu saba wanaogawana viroba hana mwajiri. Ana wenzake, na wenzake nao wana njaa.

Wakati tunasubiri uamuzi wa wazee nilijaribu kupanga, kwa ajili ya baba mdogo, nini kina maana na nini ni chuku. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki hupunguza makali kwa muda, lakini zikimezwa miezi bila kipimo zinakula tumbo na figo, na duka halimuulizi mtu amemeza ngapi. Pregabalini, inayoandikwa siku hizi kama njugu, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 209 wenye maumivu ya mguu ya aina hii. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha haikuzidi kidonge kitupu, isipokuwa kizunguzungu ilileta zaidi. Kuvutwa kwa uzito hakujathibitika. Sindano ya steroidi karibu na neva, wazo lililoanza Paris mwaka 1901 kwa kokeni, linatoa nafuu kidogo kwa wiki kadhaa, na linataka mtaalamu na mashine. Mkanda wa kiunoni unampa mtu ujasiri. Ukiufunga mwaka mzima unamnyang'anya nguvu.

Yanabaki mazoezi na mwendo. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa mazoezi tiba Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa na mgonjwa wa kabla yake, upande wa kichwani umeinuliwa. Bwana yule akalala hivyohivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, jambo lililodhaniwa hatari kabisa wakati ule. McKenzie alirudi akakuta mguu umeacha kuuma. Kwa bahati hiyo likazaliwa tapo zima la mazoezi. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha kwamba mazoezi ya McKenzie yanashinda mengine. Zinachosema kwa ujumla ni kwamba yanasaidia kiasi, kwamba aina moja haiipiti sana nyingine, na kwamba anayetembea anapona vizuri kuliko anayejiogopa. Baba mdogo alipata vipindi vinne tu vya mtaalamu wa mazoezi tiba, kisha nauli ikaisha. Chuo cha KCMC, Moshi, kimewafundisha wataalamu hawa kwa miongo mingi. Wako mijini, na mgongo unaouma uko duarani.

Kuna jambo moja ambalo nilimwandikia shangazi kwa herufi kubwa kwenye simu, na nitaliandika hapa pia kwa sababu uvumilivu unaweza kuua. Mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukikataa kutoka, au akipata ganzi sehemu za siri na matakoni, au mguu ukizidi kulegea siku hadi siku, hapo historia yote ya Weber inawekwa kando. Ni upasuaji, na ni leo. Vilevile si kila mgongo ni diski. Percivall Pott wa London alieleza mwaka 1779 mgongo unaopinda na kupoozesha miguu, ambao leo tunajua ni kifua kikuu cha mifupa. Mchimbaji anayevuta vumbi la mwamba mapafu yake yanakuwa shamba la kifua kikuu kuliko ya watu wengine. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, pamoja na maumivu ya mgongo, havitaki kukandwa. Vinataka kipimo, na dawa zake hospitali za serikali ni bure.

Je, ni duara lililomvunja? Wazee walikuwa na uhakika. Mimi nilikuwa nao pia, hadi niliposoma zaidi. Mwaka 1975 utafiti wa Kelsey na Hardy kule Marekani uliwataja madereva, hasa wa malori, kuwa na hatari kubwa zaidi ya diski kuchomoka, na nikawafikiria hawa wanaoshuka mlima wetu kila usiku. Alf Nachemson wa Sweden alikuwa tayari amechoma sindano za kupimia ndani ya diski za watu hai na kuonyesha jinsi kuinama na kubeba kunavyopandisha mgandamizo. Lakini miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Michele Battié na Tapio Videman waliwalinganisha mapacha wa Finland, mmoja akiwa na kazi nzito na mwenzake nyepesi. Diski za mapacha zilifanana kuliko kazi zao zilivyotofautiana. Damu ya ukoo ilieleza uchakavu mwingi. Mzigo ulieleza kidogo sana.

Kwa mwanahistoria hili ni chungu. Ningependa kuandika kwamba sarafu ya tembo imepigwa kwa diski za watu, na sentensi hiyo ingekuwa nzuri. Ninachoweza kusema kwa haki ni kidogo zaidi, na kwangu kinatosha: diski inachakaa kwa kila mtu, ya profesa na ya mtu wa kamba, ila profesa mwenye diski iliyochomoka anaweza kufundisha akiwa amesimama. Kazi haikuchagua nani aumwe. Ilichagua nani ashindwe kula akiumwa.

Wazee hawakuuza ng'ombe wote. Waliuza mmoja, na fedha yake ikawa mshahara wa kusubiri: unga, mafuta, ada ya binti yake, nauli za vile vipindi vinne. Baba mdogo alitembea asubuhi na jioni hadi kwenye mbuyu na kurudi, watoto wakimhesabia. Mwezi wa pili maumivu yakaondoka unyayoni yakabaki gotini. Wa tatu yakapanda pajani. Mwezi wa tano mguu ulinyamaza. Kiuno bado kinakakamaa asubuhi, na ganzi kidogo imebaki kwenye kidole kidogo. Simtoi kama ushahidi, maana mtu mmoja si utafiti, na mwenzake wa duara jirani alisubiri vilevile, hakupata nafuu, akapasuliwa Dar es Salaam na sasa anatembea vizuri.

Hakurudi kwenye kamba. Anakaa karashani, anaandika viroba vya kila kundi kwenye daftari, na amelazimisha sheria moja ambayo vijana wanainung'unikia: kiroba hakijazwi kupita nusu. Wanasema anawapunguzia safari za faida. Yeye anawajibu kwamba safari mbili za nusu ni kiroba kimoja, kisha anaandika.